Lundo la Kizee Haliuzwi

Esperansi, wewe na wenzako mlioshika mabeleshi baada yangu, juzi mliniuliza swali nikajifanya sikusikia. Mliuliza kwa nini hapa kiwanjani kwetu Lushebere tuna malundo matatu ya mbolea, mawili tunayajenga, tunayageuza na kuyauza, lakini la tatu, lile la mwisho karibu na ua wa mianzi, halijageuzwa wala kuuzwa tangu ninyi muanze kazi. Mlisema limeiva zamani, ni jeusi na laini kama unga uliochekechwa, na kwamba wakulima wa Nyamitaba wako tayari kuja kulibeba lote kwa gari. Wazo lenu si baya. Jibu langu ni hapana, na kwa kuwa nikilisema kwa mdomo sauti inanitetemeka mbele za watoto wa watu, nimeona afadhali niliandike.

Haya si ya kusomwa sokoni. Mkimaliza, chaneni karatasi hizi vipande vidogo mzitie kwenye lundo jipya, katikati ya majani mabichi. Karatasi ikitupwa nzima inashikana na kuwa kama ngozi ya ng'ombe, maji hayapiti na hewa haipiti. Hilo ni somo la kwanza, na mmelipata bure.

La pili mjue kwamba mimi ni mwoga. Watu wananiona nimefanya kazi ya taka maisha yangu yote, vita vikija na kuondoka, basi wanasema Mama Sifa ana roho ngumu. Si kweli hata kidogo. Ninaogopa pikipiki ikizimika ghafla barabarani. Ninaogopa mbwa wa kartiye, mtaa wetu huu, wakinyamaza wote pamoja. Magoti yangu hupata habari kabla ya masikio yangu. Kazi hii niliipata kwa woga pia. Wakati ule kila Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja, tulikuwa tunafagia kartiye nzima, kisha taka zote tunazisukuma korongoni na kuzichoma, na mvua ikija inazishusha mtoni tunakochota maji. Siku moja shefu wa kartiye akauliza mbele ya watu wote nani atasimamia taka zitenganishwe, zinazooza zigeuzwe mbolea, plastiki na vyuma viuzwe. Kila mtu akatazama chini. Mimi nilichelewa kutazama chini, akaniona, na kumkatalia shefu mbele ya watu nikaogopa.

Nilidhani kazi itakuwa uchafu na harufu. Nilikuta kumbe kazi yenyewe ni hofu za watu. Nilipita na brueti yangu, toroli la gurudumu moja, mlango kwa mlango, naomba maganda ya mihogo, makapi ya maharagi, majani yaliyofagiwa uani. Watu wananisalimia vizuri, wananipa kiti, lakini taka hawanipi. Mama mmoja alinitazama usoni akaniambia kwake hakuna taka, wakati kuku wake wanaparua makapi mlangoni. Nilichukia. Nikarudi nyumbani nasema watu hawa ni wavivu, kazi yote hii ya nini.

Aliyenifumbua macho ni Papa Bauma. Huyu alikuwa mchungaji wa ng'ombe kule Nyamitaba, ng'ombe wake wote walichukuliwa, akafika Lushebere kwenye kambi ya waliokimbia vita na fimbo tu mkononi. Alikuja kuniomba kazi, mimi nikamlalamikia habari za wale mama. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha.

"Mama Sifa, weye unaona bucafu. Bo banaona ushuhuda," akaniambia. "Makapi ya maharagi mbele ya mulango, maana yake ndani kuko maharagi. Manyoya ya kuku, maana yake balikula nyama. Mwenye bunduki akipita, haulize mutu. Anaangalia bucafu, anajua nyumba ya kuingia."

Nilikumbuka kwamba mama yangu mzazi alikuwa akichoma makapi usiku na kuchanganya majivu yake na udongo, nami nilidhani ni usafi tu.

Kwa hiyo tulibadilisha namna ya kufanya, na ndiyo namna mnayoifuata ninyi bila kujua ilitoka wapi. Hatusimami mlangoni kwa mtu. Tunaweka brueti penye njia panda, kila mama anakuja na kikapu chake kimefunikwa na jani la mgomba, anamwaga, na palepale tunakoroga kwa reki ili makapi ya huyu yasijulikane na maganda ya yule. Msishangae kitu mnachokiona ndani ya kikapu cha mtu. Mkiona mifupa ya mbuzi, hamjaona mbuzi. Nimewasikia mkitaniana kule kiwanjani, "Leo kwa fulani walikula vizuri!" Acheni kabisa. Kuna watu wamepoteza kila kitu kwa mzaha mdogo kuliko huo.

Papa Bauma ndiye aliyenifundisha pia homa ya lundo. Lundo letu la kwanza lilikuwa aibu. Tulitia migomba mizima bila kuipasua, tukatia majani ya mikaratusi ambayo hayataki kuoza, na sashe, vile vifuko vya plastiki, zilizojificha humo ndani, kisha tukakaa kungoja. Likakaa vilevile, panya wakazaa humo kwa raha zao. Papa Bauma akalibomoa lote. Akanionyesha kupasua mgomba kwa panga, kuweka tabaka la mabua makavu, juu yake maganda mabichi, juu yake samadi ya ng'ombe, majivu kidogo, maji kidogo, tena makavu. Baada ya siku chache akaniita asubuhi.

"Tia mukono mule ndani."

"Miye? Mu mavi?"

"Tia, mama."

Nikatia, nikautoa mbio. Lilikuwa linachoma kama uji uliotoka jikoni sasa hivi. Papa Bauma alifurahi utadhani ng'ombe wake amezaa. Akanichongea kijiti kirefu cha mkaratusi, akakimenya gome, akanifundisha kukichomeka hadi katikati ya lundo, kukiacha wakati ninaenda kuchota maji, kisha kukichomoa na kukishika ile ncha iliyokuwa ndani. Kikiwa baridi, lundo limeiva au limekufa. Kikiwa na joto la kikombe cha chai, liko vizuri. Kikikufanya ukitupe chini, lina homa kali, ngoja ipungue uligeuze, la ndani liende nje na la nje liende ndani.

"Homa njo dawa yake," alisema. "Kila mbegu ya majani mabaya iko inakufa mule."

"Hata mbegu nzuri?"

"Mbegu yote, mama. Moto haichagulaka."

Neno hilo lilipita kama maneno mengine. Tulikuwa tunakula mihogo, tukaendelea kula.

Jambo jingine alilonionya ni mvuke. Asubuhi za baridi kwenye milima yetu lundo lenye homa linatoa mvuke mzito, na mtu aliye mlima wa ng'ambo anauona kama moshi wa jiko. Hiyo ndiyo sababu ninawapigia kelele mfunike malundo kwa majani ya migomba. Mnadhani ni kwa ajili ya mvua. Mvua ni sababu ya pili.

Sasa nifike kwa Kizee, ndilo jina la lile lundo la tatu. Papa Bauma alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Mwezi wa tisa ulikuwa karibu, mvua zinanusa milima, kila mtu ameshalima shamba anangoja kupanda. Mimi nilikuwa Masisi-sentre, nimepeleka plastiki na vyuma kwa mnunuzi. Ndipo masasi ya bunduki yakaanza kulia upande wa Lushebere. Hayakuwa ya mbali. Nilikaa chini palepale kwenye gunia la plastiki. Baadaye barabara ikajaa watu wetu, wenye magodoro vichwani, wenye kuku mkononi, watoto wanavutwa, wazee kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Tulijazana kwenye uwanja wa kanisa. Nilihesabu nyuso hadi nikaona wa kwangu wote, kisha nikalia.

Asubuhi yake akanijia Mama Vumilia. Ninyi hamumkuti hapa kwa sababu siku hizi anaishi Walikale kwa binti yake, lakini wakati ule alikuwa mkubwa wa chama cha mama wakulima, mwimbaji wa kwaya, sauti yake unaisikia kabla hujaona kichwa chake. Wakati huu alikuja ananong'ona, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitisha.

"Mama Sifa, usilie tena. Mbegu yote iko salama."

Mbegu aliyoisema ni maharagi ya kupanda ya chama kizima. Ni yale maharagi yetu yanayopanda juu ya miti, ambayo bibi zetu walikuwa wakiyachagua kwa mkono. Ya sokoni ukiyapanda kwenye miteremko yetu yanalala chini na kuoza. Mbegu ikipotea, msimu umepotea, na watu waliotoka kukimbia hawana akiba nyingine ya kuwavusha.

"Salama wapi?" nikamuuliza.

"Tulitia mu bido za mafuta, tukaficha, siye bamama, jana mbele ya kukimbia. Tukichimba mu nyumba banaonaka udongo mupya, banafukua. Sasa tukasema, wapi udongo iko mupya kila siku na hakuna anashangaa? Ku kiwanja yako! Mwizi gani atatia mukono mu bucafu?"

Alikuwa anasubiri nimsifu. Na kweli ilikuwa akili, maana waporaji hupima sakafu na bustani, lakini nani anapima jalala?

"Mulitia mu lundo gani?"

"Ile ya katikati. Njo ilikuwa laini. Tena inatoka moshi, batu haba..." Akaniangalia. "Mama, juu ya nini unaniangalia vile?"

Lundo la katikati nilikuwa nimelijenga mwenyewe wiki ileile. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimechomoa kijiti chake, kikanichoma nikakitupa chini, kisha nikakirudisha ndani. Nikamweleza Vumilia maneno ya Papa Bauma. Mwanzoni alicheka. Kisha akaacha kucheka, akashika kitambaa chake cha kichwani kwa mikono miwili.

"Njo kusema tulizipika?"

"Bado labda. Zilizo kwenye bido, kama zilikuwa kavu kabisa, zinaweza kuvumilia kidogo. Leo. Kesho hapana."

Nilijua ni lazima mtu arudi akageuze lile lundo, na nilijua mtu huyo ni nani, na nilitafuta kila njia asiwe mimi. Nilimwambia Vumilia nitamweleza mwanamume mmoja namna ya kufanya. Akaniambia wanaume wakionekana njiani wanabebeshwa mizigo ya watu au wanapigwa. Nikamwambia tungoje utulivu. Akaniambia moto hautangoja. Nikamwambia magoti yangu yanauma. Akaniambia, "Yatauma njiani." Tukaondoka, yeye na mimi, na brueti, reki na beleshi. Tulivaa vile vitenge vyetu vya kazi vyenye harufu. Nilitapika mara tulipoacha nyumba za mwisho za Masisi, na sioni haya kuliandika.

Njiani tulikuta mwanzi umewekwa kukata barabara. Walikuwepo watu wenye bunduki, wengine wamekaa, wengine wamelala kwenye nyasi. Sikuuliza ni wa kundi gani, nanyi msiulize kamwe. Mkubwa wao, mtu mfupi mwenye koti la mvua, alitutazama kwa muda mrefu.

"Batu yote banakimbia, nyinyi munarudia. Munaenda kufanya nini?"

Vumilia ndiye aliyejibu.

"Tunaenda kugeuza mbolea, papa. Njo kazi yetu."

"Mbolea." Akanyosha mkono kuelekea bondeni. "Na ule moshi? Tangu asubui tunaona moshi kule chini. Nani anapika?"

Nikatazama. Juu ya kiwanja chetu mvuke ulikuwa umesimama mweupe kabisa. Wakati wa kukimbia, nani angekumbuka kulifunika lundo?

"Hakuna mutu, papa," nikasema, na sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto. "Ni mbolea ile. Iko na homa."

Wakacheka wote. Mkubwa hakucheka. Akamwita kijana mmoja mwenye ndara za plastiki, bunduki ndefu kuliko mguu wake, akamwambia, "Nenda nao uone. Kama kuko mutu mule..." Hakumaliza. Kijana akaitikia kwa kichwa.

Lushebere ilikuwa imenyamaza. Milango iko wazi, sufuria ya mtu imeachwa uani na fufu imekauka ndani, kandambili moja ya mtoto njiani. Sikuwa nimewahi kusikia kartiye yetu bila kuku. Nilikuwa ninasukuma brueti na gurudumu linalia kwii, kwii, na kila lilipolia nilitamani kuliomba msamaha bonde zima.

Kiwanjani nikaenda moja kwa moja kwenye kijiti, nikakichomoa, nikampa yule kijana akishike. Alikishika, akakitupa akaruka nyuma.

"Ayi! Inachoma! Muliwasha nini?"

"Hakuna moto, kaka. Inajichoma yenyewe. Njo bashefu balikuwa banaona."

Nikadhani ataridhika aende. Lakini alikuwa ametumwa, naye pia alikuwa anaogopa aliyemtuma, hilo niliona wazi. Akasema, "Basi mugeuze. Nione mupaka chini."

Vijana wangu, mnajua kugeuza lundo. Mnajua unavyochota la juu, unaliweka pembeni, unakwenda tabaka kwa tabaka. Sasa fikirini ndani ya lile lundo kuna mbegu ya chama kizima ndani ya bido, yale madumu ya plastiki ya mafuta, na mwenye bunduki amesimama anatazama. Kitu kimoja kilitusaidia. Kiwanja kilikuwa kimejaa bido kuukuu tulizokusanya za kuuza, zimetupwa kila mahali. Bido ya kwanza ilipojitokeza, nyeusi, imepakwa utelezi wa maganda, ilifanana na takataka nyingine yoyote. Lakini zile za kuuza ni tupu. Hizi zilikuwa zimejaa.

Jaribuni siku moja. Chukueni bido iliyojaa maharagi hadi shingoni, muinyanyue kwa mkono mmoja huku uso unasema haina kitu ndani. Msikunje mgongo, msigune. Mimi na Vumilia tulikuwa tunaziokota kama mtu anayeokota jani, tunazitupa juu ya lundo la tatu, lile lililokuwa limeiva na kupoa, kisha tunazimwagia reki mbili tatu za majani machafu. Mkono wangu wa kulia mpaka leo haunyooki vizuri. Ninyi mnadhani ni uzee. Plastiki ilikuwa inachoma viganja, na mvuke ulitupiga usoni pamoja na harufu, nao ndio uliomfukuza kijana akasimama upande wa upepo, ukosi wa shati puani. Nilikuwa ninasali kwa kila beleshi. Sikumbuki maneno, labda hayakuwa maneno.

Bido iliyojaa kabisa hailii. Bido yenye nafasi inalia. Ya mwisho, iliyokuwa katikati kabisa, ilikuwa ya Vumilia mwenyewe, naye hakuwa na mbegu ya kutosha kuijaza. Alipoinyanyua, maharagi yakateremka ndani yake, shaaa.

Kijana akashusha ukosi.

"Mule muko nini?"

Nilitazama lile lundo la tatu, majani tuliyoyamwaga, na nikaona ncha ya bido moja imejitokeza. Kama angeanza kupekua, angezipata zote, na kisha angeuliza kwa nini tulimficha, na mkubwa wake mwenye koti angeuliza tena. Nilitaka kusema ni kokoto. Vumilia akaniwahi.

"Maharagi," akasema. Kwa sauti yake ile ya kwaya, bila kunong'ona. "Ni yangu. Nilificha mu bucafu juu sina ingine. Chukua, kaka. Mukapike."

Akampelekea mikononi. Kijana akafungua kifuniko, akatazama, akanusa. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu mwenye njaa tu. Akaiweka bido begani. Hakutazama tena lundo lolote. Alituambia tuendelee na uchafu wetu, akapanda mlima, ndara zake zinapiga visigino. Tulimsikia kwa mbali akiwaita wenzake: "Shefu, hakuna mutu! Ni bucafu inachemuka!"

Tulifunika mbegu kwa mikono, tukazizika vizuri ndani ya lile lundo baridi, tukaligeuza la katikati, tukalifunika kwa majani ya migomba. Hatukuthubutu kubeba hata punje moja, kwa sababu lazima tupite tena penye mwanzi. Tukapita. Walikuwa wanatafuta kuni.

Tulipokuwa mbali nikamuuliza Vumilia kwa nini aliitoa. Akacheka.

"Ile yangu ilikuwa katikati kabisa, uliona ginsi ilinichoma? Ilisha kuiva. Baende tu bakule."

Kisha akakaa kando ya barabara akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nami nikakaa karibu naye nikalia. Sikujua kuna machozi yaliyobaki.

Utulivu uliporudi watu walirudi pia, tukafukua mbegu. Hapo hofu ilianza upya, hofu ya namna nyingine. Mbegu iliyokufa kwa moto inafanana kabisa na mbegu hai, huwezi kuijua kwa macho. Tulichukua chache kutoka kila bido, tukazifunga kwenye kitambaa chenye maji, kila kitambaa na alama ya mwenyewe, tukaviweka nyumbani kwangu. Mama wa chama walikuja asubuhi na jioni, wanasimama mlangoni hawataki kuingia. Fanyeni hivyo kila mara mkiwa na shaka na mbegu, lakini mjue kungoja kunaumiza. Siku tulipovifungua, vingine havikuwa na kitu ila harufu mbaya. Vingi vilikuwa vimechipua, vijimkia vyeupe vimejikunja. Watu walipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Bido iliyokuwa imelala ubavuni mwa ile ya Vumilia iliota karibu yote. Vumilia alikishika kile kitambaa akakitazama, mimi nikamtazama yeye. Akakirudisha kwa mwenyewe. Baadaye kila mama alimletea konzi moja ya mbegu yake, naye akapanda shamba la rangi zote, nyeusi, nyekundu, za madoa, kiasi kwamba watu walimtania kwamba amepanda kitenge.

Tangu msimu ule lundo la tatu tukaliita Kizee, nasi hatuliuzi. Kila tulipouza malundo mengine tuliacha hilo, tunaliongezea udongo, tunalifunika. Kijiti chenye kitambaa chekundu kinachomekwa kwenye lundo lenye homa, mama wote wa kartiye wanajua maana yake ni usifiche hapa, hata wale ambao hawajawahi kugusa beleshi. Kijiti kitupu kiko kwa Kizee. Vumilia akinipigia simu kutoka Walikale, kabla ya kuniuliza habari za wajukuu ananiuliza, "Kizee iko?" Ninamjibu iko. Esperansi, mimi nikifa, atakupigia wewe, na sitaki umjibu kwamba Kizee aliondoka na gari la Nyamitaba.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza hapo. Lakini leo asubuhi nilipita kiwanjani kabla hamjafika, kama ninavyofanya nikikosa usingizi. Redio haijasema kitu cha vita. Barabara ya Kashuga iko wazi, magari yanapita, jana mlikuwa mnacheza muziki. Nikafika kwa Kizee, nikaona majani ya migomba juu yake yamepangwa vizuri kuliko ninavyoyapanga mimi. Pembeni udongo ulikuwa umefunguliwa na kurudishwa, umepapaswa kwa mkono, alama za vidole bado zipo. Kuna mama katika kartiye hii ameshaanza kuficha. Pengine wapo wengi.

Sikuchimba, wala sitauliza ni nani, nanyi msiulize. Magoti yangu yalianza, nikashika ua wa mianzi hadi yakatulia kidogo. Kisha nikachukua kile kijiti, nikakichomeka polepole kando ya zile alama za vidole, nikaenda kuchota maji, nikarudi. Nilikichomoa nikakishika ncha kwa kiganja kizima, nikakishikilia. Kilikuwa baridi.